Njia Zisizokanyagwa? Msafiri wa Kimagharibi, Mkalimani na Kijiji cha Japani

Utangulizi

Mwaka 1880 nyumba ya uchapishaji ya John Murray, London, ilitoa kitabu cha majuzuu mawili kilichoandikwa na mwanamke wa Kiingereza aitwaye Isabella Bird (1831–1904). Kitabu hicho kilipewa jina Unbeaten Tracks in Japan, yaani 'Njia Zisizokanyagwa za Japani'. Nyumba hiyo hiyo ndiyo iliyochapisha masimulizi ya safari za David Livingstone mwaka 1857, na wasomaji wake walikuwa wamekwisha kuvizoea vitabu vya namna hii: Mzungu mmoja, nchi ya mbali, mizigo na wachukuzi, taabu za njiani, na mwishowe kurudi salama nyumbani kusimulia.

Sisi tulio katika taaluma ya lugha tumezisoma safari za akina Livingstone, Burton na Stanley kwa sababu zinazihusu nchi zetu, na mara nyingi tumezisoma kwa hasira. Ni wachache waliojishughulisha kuichungua fasihi hiyo ilipokwenda kwa watu wengine. Mwandishi wa makala haya alikutana na kitabu cha Bird kwa bahati alipokuwa akisomea shahada ya uzamili ng'ambo, na swali lililomjia mbele ya rafu ya maktaba lilikuwa dogo: zisizokanyagwa na nani? Kwani ndani ya kitabu chenyewe njia hizo zimejaa watu. Wamo mahujaji, wachuuzi, wanawake wenye mizigo ya kuni, farasi wa kukodi, na nyumba za wageni zilizosubiri wapita njia tangu enzi za mababu.

Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo. Dai letu ni kwamba habari za maisha ya mashambani zilizomo katika vitabu vya safari si mali ya msafiri peke yake. Zimepatikana kwa ushirika wa watu wawili au watatu ambao majina yao hayamo jaladani, na ushirika huo una gharama ambayo aghalabu hulipwa na mwenyeji. Kwa hiyo anayetaka kuvitumia vitabu hivi kama ushahidi wa historia hana budi kupambanua mambo matatu: lile ambalo jicho la msafiri lililiona, lile ambalo sikio lake lililipokea kutoka kinywani mwa mkalimani, na lile ambalo alilibeba moyoni tangu kwao.

Mlango uliofunguliwa kidogo

Kwanza yafaa tuone jinsi mgeni alivyopata kuingia. Baada ya Wareno kufukuzwa mwaka 1639, Wazungu pekee walioruhusiwa kufanya biashara na Japani walikuwa Waholanzi, na tangu mwaka 1641 hao nao walifungiwa Deshima, kisiwa kidogo kilichotengenezwa kwa mikono ya watu katika bandari ya Nagasaki. Nafasi yao kubwa ya kuona mashamba na vijiji ilikuwa safari ya kwenda Edo, ambayo ndiyo Tokyo ya leo, kumtolea mtawala heshima na zawadi. Engelbert Kaempfer, mganga Mjerumani aliyeitumikia kampuni ya Waholanzi, alikwenda safari hiyo mwaka 1691 na tena mwaka 1692. Maelezo yake ya barabara kuu na wasafiri wake yalichapishwa kwa Kiingereza mwaka 1727, miaka 11 baada ya kufa kwake, na kwa muda wa karne nzima Ulaya iliijua Japani hasa kwa kitabu chake.

Je, mtu aliyefungiwa kisiwani alizipataje habari nyingi namna ile? Alikuwa na kijana Mjapani aliyemfundisha Kiholanzi na uganga, na kijana huyo akamletea vitabu na maelezo. Kumpa mgeni siri za nchi kulikuwa kosa kubwa, kwa hiyo Kaempfer alimsifu msaidizi wake lakini hakumtaja jina kitabuni. Ilipita karibu miaka 300 kabla ya wanahistoria kuthibitisha kwa hati kwamba kijana huyo alikuwa Imamura Gen'emon, ambaye baadaye alipanda cheo akawa mmoja wa wakalimani wakuu wa Nagasaki.

Kaempfer alijua alichokuwa akikificha. Mganga mwingine wa Deshima, Philipp Franz von Siebold, alikamatwa na ramani za nchi mwaka 1828, na mwaka uliofuata akafukuzwa. Takahashi Kageyasu, ofisa wa mtawala aliyempatia ramani hizo, alifia gerezani mwaka 1829. Mgeni alirudi Ulaya akaandika vitabu vilivyompa sifa, mwenyeji alizikwa. Jambo hili tulitie akilini, maana litarudi tena mbele ya makala haya.

Manowari za Wamarekani zilipoilazimisha Japani kufungua bandari zake mwaka 1854, na mikataba ya biashara ilipofuata mwaka 1858, mlango haukufunguliwa wote. Mgeni aliruhusiwa kutembea kiasi cha ri 10 tu, yaani karibu kilomita 40, kutoka bandari zilizotajwa katika mikataba. Aliyetaka kwenda mbali zaidi ilimpasa kuomba hati ya kusafiria kupitia kwa balozi wake na kueleza sababu, kama vile afya au uchunguzi wa mimea. Utaratibu huo ulidumu mpaka mwaka 1899. Bird alifika Yokohama mwezi wa Mei 1878, na kwa msaada wa Sir Harry Parkes, mwakilishi wa Uingereza, akapewa hati isiyomtajia njia maalum ya kupita. Tangu hapo basi njia zake 'zisizokanyagwa' zilikuwa njia zilizofunguliwa kwa muhuri wa serikali mbili.

Jicho na kitanda

Tarehe 10 Juni 1878 Bird aliondoka Tokyo kwa rikisha kuelekea Nikko. Kutoka hapo, mara nyingi akipanda farasi wa mizigo, alikata milima ya Aizu hadi Niigata, kisha akapitia Yamagata na Akita hadi Aomori, na katikati ya Agosti akavuka bahari kufika Hakodate katika kisiwa cha Hokkaido. Safari hiyo ya miezi miwili aliiandika kwa njia ya barua kwa dada yake Henrietta, aliyekuwa akiishi Uskoti.

Mambo aliyoyaona kwa jicho lake hayana mshindani kwa thamani. Anatueleza farasi waliovishwa viatu vya majani ya mpunga vilivyochakaa baada ya mwendo mfupi, ikalazimu kubeba vingine tele. Anaeleza kampuni ya usafirishaji iliyokuwa na vituo njiani na bei zilizowekwa wazi, hata msafiri asiyejua lugha asipunjwe. Anaeleza vijiji vya milimani ambamo watoto walikuwa na upele na macho mabovu, nguo moja ilivaliwa mchana na usiku, na moshi wa mekoni ulitia weusi kila kitu. Alipompa mtoto mmoja dawa ya kifaduro akapata nafuu, habari zilienea, na wagonjwa wakaletwa kwa makundi mlangoni pake. Anaeleza pia uaminifu wa watu: mwongoza farasi aliyerudi nyuma ri nzima kutafuta mkanda uliopotea, kisha akakataa kulipwa kwa sababu alihesabu kwamba wajibu wake ni kukifikisha kila kitu salama.

Zaidi ya yote anaeleza viroboto. Hakuna ukurasa mrefu usiokuwa na viroboto, mbu, au macho ya watu yakimchungulia kupitia matundu ya milango ya karatasi. Huko Yuzawa umati ulipanda juu ya paa la banda ili umwone mwanamke wa kigeni, na paa likaporomoka pamoja nao. Aliyekwenda kutazama alikuwa yeye mwenyewe akitazamwa.

Wahenga wetu walisema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Kwa mithali hiyo mtu angeweza kumpa Bird cheo cha shahidi wa kweli, maana alilala katika nyumba ambazo mabwana wa balozi za kigeni hawakuthubutu kuzilalia. Lakini mithali ina ncha mbili. Miongoni mwa mizigo yake Bird alibeba kitanda chake mwenyewe, cha turubai, cha kukunjwa, ili ainuke juu ya mikeka. Aliumwa na viroboto wa mwenyeji, lakini hakulala kitandani mwa mwenyeji. Katika chumba kimoja, chini ya paa moja, palikuwa na kimo cha kitanda kati yake na watu aliowaandika. Kimo hicho kidogo ndicho tunachokitafuta katika makala haya.

Tuchukue mfano mmoja. Katika sehemu za kaskazini Bird alikokotwa kwa rikisha na mtu ambaye, kwa joto, alikuwa hakuvaa kitu. Ghafla akatokea polisi, na yule mtu akajitupa chini kwa hofu, karibu amwangushe abiria wake, akawa anahangaika kulivaa vazi lake lililokuwa limefungwa kwenye miti ya gari. Bird alisikitika kumwona akitetemeka. Ambalo jicho haliwezi kulieleza ni chanzo cha hofu ile. Kuanzia mwaka 1872 serikali mpya ya Meiji ilianza kuwatoza faini watu waliotembea uchi hadharani, na sababu moja kubwa ya sheria hizo ilikuwa kuondoa aibu mbele ya wageni wa Magharibi. Mkulima ambaye baba na babu yake walifanya kazi ya jasho bila nguo, na hapana aliyeona ajabu, alikuwa sasa akitetemeka kwa sababu ya jicho la mtu wa jamii ya abiria wake. Msafiri aliona tukio, wala hakujiona yeye ndani ya tukio hilo.

Sikio na kinywa cha Ito

Bird hakujua Kijapani. Yote aliyoyaandika kuhusu mawazo ya wanavijiji, kodi zao, dini yao na huzuni zao yalipita katika kinywa cha kijana mmoja aitwaye Ito Tsurukichi, aliyekuwa bado hajatimiza miaka 21. Ito alikuja kuomba kazi bila barua za kumtambulisha, akisema zimeungua katika nyumba ya baba yake. Alidai dola 12 kwa mwezi akapewa. Bird hakumpenda siku ya kwanza, lakini baada ya majuma machache hakuweza kwenda hatua bila yeye. Ito alipanga farasi, alipika, alilinda fedha, huku akijitwalia sehemu yake ndogo katika kila malipo, na kila jioni aliandika katika daftari lake maneno mapya ya Kiingereza aliyoyasikia, akiuliza lipi ni la adabu na lipi ni la mitaani.

Daftari hilo ni jambo la kutafakariwa na mwanalugha. Tumezoea kufikiri kwamba katika safari hii mtafiti alikuwa mmoja, naye ni Bird. Kumbe walikuwa wawili: mmoja akikusanya habari za vijiji, mwingine akikusanya lugha. Tena Ito hakuwa mfereji mtupu wa kupitishia maneno. Alikuwa kijana wa mji wa bandari aliyejivunia nchi yake na maendeleo yake. Walipofika katika vijiji fukara vya milimani aliona haya kwamba mgeni aone mahali kama pale. Mkalimani mwenye haya hutafsiri namna gani? Huacha neno gani, hulainisha jibu gani, hulikatiza swali gani kwa sababu kwake ni la upuuzi? Kitabu hakituambii, na hakiwezi kutuambia, maana mwandishi wake hakuwa na njia ya kujua.

Hata mkataba wa Ito ulikuwa na siri. Walipofika Hakodate, Bird aligundua kwamba Ito alikuwa bado na ahadi ya kumtumikia Charles Maries, mkusanyaji wa mimea, kwa dola 7 kwa mwezi, naye akamkimbia kwa ajili ya mshahara mkubwa zaidi. Mwisho wa safari ilibidi arudi kwa bwana wake wa kwanza. Baadaye Ito alipata sifa Yokohama akiwa kiongozi wa wasafiri wa kigeni. Hatuna kitabu chake cha safari hii.

Mtu aweza kudhani kwamba tatizo lingekwisha lau msafiri angekaa muda mrefu na kuoa kwa wenyeji. Tumtazame basi Lafcadio Hearn, aliyezaliwa mwaka 1850 katika kisiwa cha Lefkada, akafika Japani mwaka 1890, akafundisha katika mji wa Matsue, akamwoa Koizumi Setsu, na mwaka 1896 akapata uraia kwa jina la Koizumi Yakumo. Vitabu vyake, hasa Glimpses of Unfamiliar Japan cha mwaka 1894 na Kwaidan cha mwaka 1904, viliwafundisha wasomaji wa Magharibi kuupenda upande wa Japani uliofichika: ngoma za kuwakumbuka wafu, vihekalu vya njiani, visa vya mizuka. Lakini Hearn naye hakukimudu Kijapani cha vitabu. Yeye na mkewe waliunda lugha ya nyumbani, Kijapani kilichopunguziwa minyambuliko ya vitenzi na vile vijineno vinavyoonyesha uhusiano wa maneno katika sentensi. Jamaa zao wakaiita lugha ya Hearn. Setsu alitafuta hadithi katika vitabu vikuukuu, akazisoma, kisha akamsimulia mumewe kwa lugha hiyo usiku. Katika kumbukumbu zake zilizotolewa mwaka 1914 anaeleza kwamba mumewe alimkataza kusoma kutoka kitabuni. Alitaka asikie maneno ya Setsu mwenyewe na mawazo yake mwenyewe.

Hapa tofauti ya Bird na Hearn inadhihirika. Wote wawili walitegemea kinywa cha mtu mwingine. Lakini Hearn alijua kwamba msimulizi ni mtunzi, akamtaka atunge; Bird alimtaka Ito awe kioo, na mtu hawezi kuwa kioo. Hata hivyo jina la Setsu, kama la Ito, halikuandikwa jaladani.

Edeni yenye historia

Jambo la tatu ni lile ambalo msafiri hulibeba kutoka kwao. Bird alikuwa binti wa kasisi, na Biblia ilikuwa katika kila pumzi ya lugha yake. Aliposhuka katika bonde la Yonezawa, mkoa wa Yamagata, akaona mashamba ya mpunga, pamba, tumbaku na miforosadi yaliyopaliliwa kwa ustadi kama bustani, aliliita bonde hilo Edeni, na Arkadia ya Asia. Aliona kwamba ardhi hiyo ni mali ya wanaoilima, nao wanaishi chini ya mizabibu na mikomamanga yao bila kudhulumiwa. Sifa hizo hunukuliwa mpaka leo, na wenyeji wa huko hawazichukii.

Lakini Edeni ni bustani iliyopandwa na Mungu, haina historia. Yonezawa inayo. Katika karne ya 18 eneo hilo lilikuwa limezama katika madeni. Uesugi Yozan, aliyelitawala tangu mwaka 1767, alipunguza matumizi ya jumba lake, akahimiza upandaji wa miforosadi na ufumaji wa nguo, akaweka akiba ya nafaka iliyowasaidia watu wake wakati wa njaa kuu ya miaka ya 1780. Bustani aliyoiona Bird ilikuwa matokeo ya miaka 100 ya mipango, jasho na kufunga mikaja.

Tena haikuwa bila dhuluma. Mwaka 1873 serikali iliwapa wakulima hati za kumiliki ardhi na kuwatoza kodi ya fedha taslimu, asilimia 3 ya thamani ya shamba kila mwaka, mvua inyeshe isinyeshe. Wakulima wa Ibaraki na wa Mie waliasi mwaka 1876, na Januari 1877 kodi ikapunguzwa hadi asilimia 2.5. Bird alipita mwaka mmoja na nusu baadaye. Kuanzia mwaka 1881 waziri wa fedha Matsukata Masayoshi alibana fedha, bei za mpunga na hariri zikaanguka, na wakulima wengi wakapoteza mashamba yao kwa wakopeshaji. Kufikia miaka ya 1890 karibu asilimia 40 ya ardhi ya kilimo ililimwa na wapangaji. Msafiri aliyekaa juu ya farasi aliiona bustani. Daftari la madeni lilikuwa ndani ya nyumba, nalo liliandikwa kwa herufi asizozijua.

Pia kitabu chenyewe kilibadilika. Mwaka 1885 mchapishaji alitoa toleo fupi, akaondoa sehemu nyingi za takwimu na maelezo ya safari ya Kyoto na Ise, miji na mahali patakatifu palipojulikana. Yaliyobaki ni milima, mvua, viroboto na Waainu. Toleo hilo ndilo lililoenea, na tafsiri ya Kijapani ya Takanashi Kenkichi ya mwaka 1973 ilifuata hilo. Hivyo Japani ya Bird ilizidi kuwa ya porini kadiri kurasa zilivyopungua.

Wazee wa Biratori

Mwisho wa safari hiyo ya kaskazini ulikuwa Biratori, kijiji cha Waainu, wenyeji wa asili wa Hokkaido. Hapo ushahidi ulipita katika milango miwili: Kiainu kikafasiriwa kwa Kijapani, na Kijapani kikafasiriwa na Ito kwa Kiingereza. Na mlango wa pili haukuwa na heshima kwa wa kwanza. Bird alipomwagiza Ito awe na adabu kwa Waainu, alijibu kwa mshangao kwamba hao ni mbwa tu, si watu. Baada ya kukaa nao alilegea kidogo, lakini tujiulize uzito wa mapokeo ya dini na mila yaliyopokewa kwa kinywa kilichoanza na dharau hiyo.

Wazee walizungumza na Bird usiku kucha kando ya moto, wakamweleza mila zao, naye akaandika orodha ya maneno yao. Kisha wakamsihi jambo moja: asiiambie serikali ya Japani kwamba wamemsimulia hayo, wasije wakapata madhara. Hofu yao ilikuwa na sababu. Tangu mwaka 1869 kisiwa chao kilikuwa chini ya mamlaka maalum ya kuwapeleka walowezi, na mwaka 1871 mamlaka hiyo ilikataza wasichana kuchanjwa chale na wanaume kuvaa hereni. Bird mwenyewe anaandika jinsi wanawake walivyosikitishwa na katazo la chale. Basi aliahidi, akayaandika yote, pamoja na ombi lenyewe la wazee, na miaka miwili baadaye yakachapishwa London kwa yeyote atakayenunua.

Hatusemi haya ili kumhukumu. Huenda alidhani kwamba London ni mbali mno na Biratori. Lakini mfululizo uko wazi: Imamura alifichwa jina, Takahashi alifia gerezani, wazee wa Biratori waliomba siri ambayo haikuwekwa. Elimu ya msafiri ilikuwa na bei, na katika visa hivi vitatu aliyebeba hatari ya kulipa alikuwa mwenyeji. Kwa mtafiti wa leo anayekwenda kijijini na kinasa sauti, hili si jambo la kale.

Waliozikanyaga njia

Sasa tunaweza kulijibu swali la kwanza. Njia za kaskazini ya Japani zilikanyagwa na kuandikwa na Wajapani wenyewe kabla Bird hajazaliwa. Mshairi Matsuo Bashō alizipita nyingi mwaka 1689. Sugae Masumi (1754–1829) aliondoka kwao Mikawa mwaka 1783, akatembea kaskazini na Ezo, jina la zamani la Hokkaido, kwa zaidi ya miaka 40, akiandika na kuchora zana, sherehe na nyimbo za wakulima. Mwaka 1785 alipita Tsugaru penye mifupa ya waliokufa njaa kando ya njia. Suzuki Bokushi (1770–1842), mfanyabiashara wa Shiozawa, aliandika juu ya nchi yake ya theluji, jinsi nguo za kitani zinavyofumwa na kutandazwa thelujini ziwe nyeupe. Kitabu chake kilianza kuchapishwa mwaka 1837. Hao walijua lugha. Bokushi alikuwa mwana wa nchi, akalala katika kitanda cha nchi.

Je, basi tumtupe Bird? La. Katika miaka ya 1970 Miyamoto Tsuneichi (1907–1981), mtafiti wa mila aliyekuwa ametembea vijiji vya Japani kwa miguu karibu maisha yake yote, alitoa mihadhara juu ya kitabu cha Bird. Alikichukua sentensi kwa sentensi, akaona ndani yake mambo ambayo wenyeji hawakujali kuyaandika. Mtu haandiki viroboto vya kwao. Haandiki kwamba mlango hauna komeo, wala kwamba mwongoza farasi hakuiba. Mazoea hayana kalamu. Mgeni ndiye huyaona, na mwenyeji aliyesoma ndiye huyafasiri. Miyamoto alifanya kwa Kijapani ile kazi ambayo Ito hakuweza kuifanya kwa Kiingereza: alimrudishia msafiri maana ya alichokiona.

Waainu nao walishika kalamu. Mwaka 1923 ulichapishwa mkusanyo wa nyimbo za miungu wa Chiri Yukie, binti wa Kiainu, kwa Kiainu na Kijapani. Yeye alikuwa amefariki mwaka uliotangulia akiwa na miaka 19. Na kutoka Nibutani, katika eneo hilo hilo la Biratori, alitoka Kayano Shigeru (1926–2006), aliyekusanya zana na masimulizi ya watu wake, akafungua jumba la makumbusho mwaka 1972, na mwaka 1994 akawa Mwainu wa kwanza kuingia katika Bunge la Japani. Sheria ya mwaka 1899 iliyowaita 'wenyeji wa zamani' ilifutwa mwaka 1997, na sheria ya mwaka 2019 ikawatambua kuwa watu wa asili. Waliloomba wazee lisemwe kwa siri, wajukuu wao walilisema hadharani kwa lugha yao.

Hitimisho

Tumeona kwamba neno 'zisizokanyagwa' halielezi njia. Linaeleza msomaji aliyekusudiwa. Kwa msomaji wa London njia hizo zilikuwa mpya. Kwa mchukuzi, mhujaji na mkusanya kodi zilikuwa kuukuu. Kosa si kuona upya, bali kudhani kwamba upya huo umo katika ardhi.

Hali hii twaijua hapa kwetu. Burton na Speke walipotoka pwani mwaka 1857 kuelekea Ujiji walifuata njia ya misafara iliyokwisha kulainishwa na nyayo za Wanyamwezi na Waswahili, na Speke aliongea na Sidi Mubarak Bombay kwa Kihindustani, naye Bombay akaongea na watu wa bara. Maneno mangapi yalibaki njiani? Katika idara zetu tumewahi kuvisoma vitabu vya namna hii kwa njia mbili tu, kuvisadiki au kuvitukana. Mfano wa Miyamoto unatuonyesha ya tatu: kuvisoma tukiwa na lugha ya waliosimuliwa, tukimtafuta mkalimani kati ya mistari, tukipima kimo cha kitanda. Kazi hiyo haiwezi kufanywa na asiyeijua lugha ya mwenyeji, na kwa sababu hiyo ni yetu.